Uteuzi, Uchaguzi na Usugu: Matumizi ya Kila Siku na ya Kisayansi katika Nchi ya Meru na Embu

UTANGULIZI

Katika shule za sekondari za Kenya elimu ya viumbe hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini afisa wa kilimo anaposimama mbele ya wakulima wa Runyenjes au Chuka, au mhudumu wa afya anapozungumza na wagonjwa huko Mbeere, maelezo hutolewa kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji. Hapo ndipo msemaji hukutana na taabu ambayo haimo katika elimu yenyewe bali imo katika lugha. Akitaja "uteuzi asilia", wasikilizaji huuliza: ni nani aliyeteua? Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mtu anayeijua lugha vizuri, kwa kuwa katika Kiswahili cha kila siku hakuna uteuzi pasipo mteuzi, kama vile hakuna wizi pasipo mwizi. Hata hivyo, jambo linaloitwa kwa jina hilo katika sayansi halina mteuzi.

Makala haya yanakusudia kupambanua maana za neno "uteuzi" na maneno ya jamii yake, kuanzia matumizi ya nyumbani na barazani hadi matumizi ya wanasayansi. Mifano imetolewa katika mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, yaani katika kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu. Mahali hapo panafaa kwa kazi hii, kwa sababu katika umbali mfupi mtu huteremka kutoka mashamba ya chai, akapita kwenye kahawa na mahindi, hadi akafika kwenye mtama na uwele wa nchi kavu. Na katika kila ngazi ya mteremko huo mna namna yake ya kuchagua. Itaonyeshwa kwamba kuchanganya maana hizi si kosa la msamiati tu. Huathiri namna mkulima anavyonyunyizia kahawa yake na namna mgonjwa anavyomeza dawa.

JAMII YA MANENO YA KUCHAGUA

Kiswahili kina vitenzi vingi vya jamii hii: chagua, teua, chambua, bagua, pambanua, chuja, pepeta na chekecha. Vitano vya kwanza huishia kwa -ua. Mwisho huo, katika vitenzi kama vile "fungua" na "zibua", huashiria kutendua au kutenganisha. Ingawa "chagua" na "teua" havina tena vitenzi vya msingi vinavyotumika kando navyo, maana ya kutenganisha imo ndani yao: anayechagua hutenga kimoja na kuviacha vingine.

"Chagua" ndicho kitenzi kipana zaidi. Methali husema "Mchagua jembe si mkulima", na nyingine husema "Mchagua nazi hupata koroma". Inafaa kuangalia kwamba methali zote mbili huanza na mtu, yaani "mchagua", na zote mbili humcheka kwa kuchagua kupita kiasi. Kitenzi "teua" kina heshima kubwa zaidi. Kuteua ni kuchagua kwa mamlaka au kwa kipimo cha juu. Ndiyo maana wahakiki wa fasihi husema juu ya uteuzi wa msamiati, na watu husema juu ya "maneno mateule".

Katika siasa za Kenya tofauti ya maneno haya ni dhahiri, ijapokuwa haikukamilika. Mbunge huchaguliwa kwa kura. Waziri huteuliwa na Rais. Lakini mtu aliyeshinda kura za urais na hajaapishwa bado huitwa "Rais mteule", ingawa hakuteuliwa na mtu mmoja. Vyama navyo hufanya "uteuzi" wa wagombea, ambao watu wengi huuita pia "mchujo". Katika elimu, kwa miaka mingi neno "uteuzi" liliwakumbusha wazazi nafasi za kidato cha kwanza, ambazo zilitegemea matokeo ya mtihani wa darasa la nane uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 2023. Na katika mila za Wameru, wazee wa Njuri Ncheke, baraza lenye makao yake ya kimila huko Nchiru, hupatikana kwa kuangaliwa mwenendo na hekima yao.

Katika mifano hii yote mna mambo matatu: yuko anayeteua, wako wanaoteuliwa na wanaoachwa, na liko kusudi. Hayo matatu ndiyo maana ya kila siku ya neno. Inapoingia katika sayansi, maana hiyo huanza kupungua kidogo kidogo, mpaka mteuzi na kusudi vikatoweka kabisa.

MKONO NA CHEKECHEKE

Mfano wa kwanza wa kupungua huko umo katika kahawa. Mkulima wa Meru au Embu anapopeleka buni mbivu kwenye kiwanda cha ushirika, huzimwaga chini na kuzichambua: nyekundu huwekwa upande mmoja, na mbichi au zenye ugonjwa huondolewa. Kila tunda hupita machoni na mikononi mwa mtu, na juu ya kila tunda mtu hufanya uamuzi.

Baada ya kukobolewa, kahawa hiyo hiyo hupangwa katika madaraja. Punje za daraja la AA ni zile kubwa ambazo haziwezi kupenya katika matundu ya chekecheke yenye upana wa takriban milimita 7. Hapa hakuna anayetazama punje moja moja. Chekecheke hutikiswa, ndogo huanguka, kubwa hubaki. Matokeo yanafanana na ya kuchambua, kwani punje zimetengana, lakini chekecheke halikuchagua kitu. Ni kweli kwamba fundi aliyelitengeneza alikuwa na kusudi, na mwenye kinu naye analo. Hata hivyo, kazi ya kutenganisha imefanywa na ukubwa wa tundu na uzito wa punje. Tofauti hii kati ya kuchambua na kuchekecha ndiyo ufunguo wa sehemu zitakazofuata.

MBEGU YA NYUMBANI NA MBEGU YA KITUO

Katika nchi kavu ya Tharaka na Mbeere, mtama na uwele vimelimwa tangu zamani. Wakati wa mavuno, mara nyingi mwanamke ndiye atengaye masuke ya mbegu. Huchukua suke lililojaa, lenye punje safi na lisilo na wadudu, akaliweka juu ya meko ili moshi ulilinde. Huo ni uteuzi kamili kwa maana ya kila siku. Lakini yamo mambo mawili ambayo hakuyakusudia. Kwanza, mimea iliyochelewa kukomaa ilikauka mvua ilipokatika, kwa hiyo haikuwamo shambani wakati wa kuchagua. Ukame ulikuwa umekwisha kuchekecha kabla mkono wake haujafika. Pili, mbegu aliyonayo ilitoka kwa mama, mkwe au jirani, na njia hizo hufuata ukoo na lugha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya mtama wa mteremko huu, kwa Wachuka, Watharaka na Wambeere, ulionyesha kwamba watu walipeana mbegu zaidi ndani ya kundi lao kuliko baina ya makundi. Hivyo mipaka ya lugha, ambayo huchunguzwa na wanaisimu, imeacha alama hata katika mtama.

Uteuzi wa aina ya pili hufanywa katika vituo vya utafiti. Mwaka 1964 Kitale ilitoa mahindi chotara H611, yaliyotokana na kukutanisha mahindi ya Kenya na mahindi yaliyoletwa kutoka Ekwado. Kituo cha Embu kilipewa kazi ya kutafuta mahindi ya maeneo ya mwinuko wa kati, na ndiko yalikotoka mahindi ya mfululizo wa 500, kama vile H511 na H512. Kazi yenyewe ni ndefu: mimea huchavushwa kwa chavua yake yenyewe kwa vizazi kadhaa, iliyo dhaifu huondolewa, kisha nasaba mbili au zaidi zilizobaki hukutanishwa. Kizazi cha kwanza cha chotara huwa na nguvu nyingi. Mkulima akihifadhi mbegu ya mavuno yake, kizazi kinachofuata hutawanyika katika sifa zake na mavuno hupungua; kwa hiyo hana budi kununua mbegu kila msimu. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa Machakos kwa ajili ya nchi kavu, si chotara, na mkulima anaweza kuendelea kujichagulia mbegu humo. Tofauti hiyo ni kubwa kijamii: katika hali moja uteuzi umebaki mikononi mwa mwenye shamba, na katika hali nyingine umehamia kituoni na kwenye kampuni ya mbegu.

Kahawa nayo ina historia ya namna hiyo. Hadi miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia Waafrika wa Kenya kuilima. Meru, Embu na Kisii zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa, na hata hapo palikuwa na uteuzi wa nani apande na kiasi gani. Katika miaka hiyo hiyo maabara ya Scott iliyokuwa Kabete ilichagua miti bora mmoja mmoja na kuipa namba. SL28 na SL34, ambazo bado zimejaa katika mteremko huu, zilitokana na kazi hiyo. Herufi hizo mbili ni za jina la maabara. Kwa hiyo mkulima anapoutaja mti wake hutaja pia, pasipo kujua, jina la aliyeuteua.

KUCHAGUA BILA KUCHAGUA

Kabla ya kufikia uteuzi usio na mteuzi, iko hatua moja ya katikati inayotumiwa sana katika elimu ya takwimu, nayo ni uteuzi wa sampuli. Mtafiti anayetaka kujua hali ya mashamba hawezi kuyazuru yote. Huchukua machache yasimame badala ya yote. Akiyachukua yale yaliyo karibu na barabara ya lami itokayo Embu, kupitia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu na Meru, atayaona mashamba ya kahawa, chai na mahindi, na kwa hesabu zake mtama utakuwa karibu haumo. Hakusema uwongo, lakini barabara imemchagulia.

Dawa ya kosa hilo ni kupiga kura ya bahati nasibu, ambapo kila shamba huwa na nafasi inayojulikana ya kuingia. Mtafiti bado ana kusudi, na bado anaitwa mteuzi, lakini kwa makusudi amejinyima uhuru wa kuchagua. Kwa mtumiaji wa lugha ya kila siku hili ni kinyume cha uteuzi: Njuri Ncheke haiwezi kujaza nafasi zake kwa kurusha kete. Kwa mwanatakwimu ndio uteuzi ulio bora kabisa. Neno ni moja, na kipimo cha ubora wake kimegeuka juu chini.

UTEUZI USIO NA MTEUZI

Charles Darwin alipochapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859, alianza na wafugaji na wakulima. Alionyesha jinsi wafuga njiwa wa Uingereza walivyobadilisha ndege wao kwa kuwachagua wazazi. Aliwatofautisha wanaochagua kwa mpango na wale wanaohifadhi tu walio bora bila nia ya kubadilisha uzao. Mwanamke wa Tharaka na masuke yake angeingia katika kundi la pili. Kisha Darwin alihamisha neno hilo hilo kwenye maumbile. Viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, hutofautiana, baadhi ya tofauti hurithiwa, wenye tofauti zinazofaa mahali pao huacha watoto wengi zaidi, na baada ya vizazi vingi sifa hizo huenea. Jambo hilo zima ndilo aliloliita uteuzi.

Swali la wasikilizaji wa Runyenjes liliulizwa pia na wasomi wa Ulaya. Katika toleo la tatu, la mwaka 1861, Darwin alilazimika kuwajibu waliodai kwamba neno hilo linamaanisha hiari ya viumbe vinavyobadilika au nia ya maumbile. Mwaka 1866 Alfred Russel Wallace, ambaye alikuwa ameifikia nadharia hiyo kwa njia yake mwenyewe, alimwandikia kumshauri aliache neno hilo kwa sababu linawapoteza watu, na badala yake atumie maneno ya Herbert Spencer juu ya kuokoka kwa wanaofaa zaidi. Darwin aliyaingiza maneno ya Spencer katika toleo la tano, la mwaka 1869, lakini hakuliacha neno lake. Kwa hiyo taabu hii haikuletwa na Kiswahili. Ilikuwamo katika Kiingereza chenyewe, na Kiswahili kimeirithi kwa tafsiri.

Inafaa kuongeza kwamba kusema "hakuna mteuzi" katika jambo hili si kutoa hukumu juu ya imani ya mtu. Ni kusema tu kwamba mabadiliko hayo huelezeka kwa kuhesabu wanaozaliwa, wanaokufa na wanaorithi, kama punje za kahawa zinavyotengana kwa kutikiswa.

NENO "SUGU" NA NENO "KUZOEA"

Madhara ya kuchanganya maana huonekana waziwazi katika habari za dawa. Mkulima ambaye dawa yake haifanyi kazi tena husema: "Wadudu wameizoea." Mgonjwa husema: "Mwili wangu umeizoea." Wataalamu, kwa kutafuta neno la heshima zaidi, husema juu ya "usugu". Sasa sugu, kwa asili, ni ngozi ngumu inayotokea kiganjani kwa kushika jembe au unyayoni kwa kutembea pekupeku. Mtu hakuzaliwa nayo. Ameipata kwa kusuguliwa, na mtoto wake hairithi. Maneno yote mawili, "kuzoea" na "sugu", yanaeleza mabadiliko ya kiumbe mmoja katika maisha yake. Jambo linalotajwa ni tofauti kabisa: ni mabadiliko ya kundi zima, kwa sababu waliokuwa dhaifu wamekufa na wasiodhurika ndio waliozaa.

Chulebuni, ugonjwa wa kahawa unaoletwa na kuvu, ulitambuliwa nchini Kenya katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba kuvu hiyo haidhuriki tena kwa baadhi ya dawa za jamii ya benomili. Hakuna kuvu iliyojifunza kitu. Zilikuwamo chache ambazo dawa haikuziweza. Zilizobaki zikafa, na hizo chache zikaachiwa uwanja. Mkulima anayeamini kwamba kuvu "imezoea" hufanya kama mtu anayemshinda mkaidi: huongeza kipimo. Kwa kufanya hivyo hulikaza chekecheke lile lile. Anayeelewa kwamba kuvu imechujwa huona busara ya kubadilisha dawa za makundi tofauti, kupogoa miti ili hewa ipite, na kupanda miche yenye ukinzani. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, iliyotolewa mwaka 2010, ni miche ya namna hiyo. Katika jambo hili uteuzi wa kituo unashindana na uteuzi usio na mteuzi, na shindano hilo halina mwisho.

Malaria hutoa mfano ulio mzito zaidi. Katika nyanda za chini za Mbeere na Tharaka watu wazima wanaikumbuka klorokwini. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na mwaka 2004 ikaamua kuiacha pia dawa iliyoifuata na kutumia mseto wenye atemisini. Mgonjwa anayedhani kwamba ni mwili wake uliozoea dawa huona haki kumeza nusu na kumpa jirani nusu, kwa kuwa mwili wa jirani haujazoea. Kumbe aliyebadilika si mgonjwa bali ni vimelea, na nusu ya dawa huua vile dhaifu na kuviacha vile vigumu viendelee. Ushahidi wa jambo hili ulitoka Malawi. Nchi hiyo iliiacha klorokwini mwaka 1993, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba vimelea vya huko vilikuwa vinauawa tena na dawa hiyo. Vimelea havikusahau mazoea yao. Dawa ilipoondolewa, vile visivyodhurika vilipoteza faida yao, na vile vya zamani vikaenea tena.

PENDEKEZO

Haipasi kulitupa neno "uteuzi asilia". Limekwisha kuenea katika maandishi, na istilahi iliyoenea ina faida yake hata kama ina kasoro. Linalohitajika ni namna ya kulieleza, na sarufi ya Kiswahili ina chombo cha kazi hiyo. Katika kauli ya kutendwa, "kikombe kimevunjwa", msikilizaji hungoja jina la aliyevunja. Katika kauli ya kutendeka, "kikombe kimevunjika", hangojei, kwa sababu kauli hiyo hutaja hali na kumwacha mtenda nje. Msemaji akisema "kuvu imeteuliwa na dawa", amemfanya dawa kuwa chifu. Akisema "kuvu dhaifu zimepungua, ngumu zimebaki na kuenea", amelieleza jambo lenyewe bila kumweka mtu asiyekuwapo. Vitenzi "kubaki", "kupungua", "kuenea" na "kuchujika" vinatosha kuibeba nadharia nzima.

Pia mfano wa chekecheke unafaa kuliko mfano wa baraza. Wakulima wa kahawa wanaujua, na una ukweli unaotakiwa, yaani kutengana bila kuchaguliwa mmoja mmoja. Upungufu wake ni mmoja, kwamba chekecheke lina fundi, na msemaji hana budi kulitaja hilo mapema. Neno "usugu" nalo litaendelea kutumika katika hospitali na katika maduka ya dawa za mifugo na mimea. Lakini kila linapotamkwa mbele ya wasio wataalamu, inapasa kufuatiwa na sentensi moja ya wazi: waliokuwa dhaifu walikufa, na hawa ni watoto wa waliobaki.

Kazi iliyobaki ni ya idara za lugha za Kiafrika. Kimeru, Kitharaka, Kichuka, Kiembu na Kimbeere zina vitenzi vyake vya kuchagua, kuchambua na kupepeta, na kila lugha hugawa maana hizo kwa namna yake. Ukusanyaji wa vitenzi hivyo pamoja na miktadha yake, mashambani, vikaoni na kwenye kliniki, utaonyesha ni lugha gani zinazoruhusu kusema juu ya kutengana pasipo mtenda, na kwa umbo gani la kitenzi. Afisa wa kilimo akipewa orodha hiyo, ataweza kumwambia mkulima kwa nini asiongeze kipimo cha dawa, na mkulima ataelewa kwa maneno ya lugha yake mwenyewe.